Kichocho: Je, mtoto ataacha tu akikua?

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumzie swali ambalo nimeulizwa mara nyingi hapa Wote, na ambalo mwanzoni mwa kazi yangu sikulijibu vizuri. Swali lenyewe ni hili: ikiwa watu wazima waliogelea mtoni utotoni mwao na leo wana afya, kwa nini tuwape watoto dawa ya kichocho? Je, si ugonjwa huo utawaacha wenyewe wakikua?

Mwaka jana aliniletea swali hili mzee mmoja kutoka upande wa Kambu. Alikuja na binti yake, ambaye anafanya kazi hapa mjini Wote na amemwachia babake mtoto wa kiume wa miaka tisa amlee. Mtoto alikuwa na tumbo lililojaa upande wa kushoto, alikuwa akiharisha mara kwa mara, na mwalimu wake alisema husinzia darasani. Siku ya dawa ya minyoo shuleni, mzee alikataa mjukuu wake asipewe.

“Daktari,” akasema, “mimi nimeoga katika mto ule tangu nikiwa mvulana. Nimeteka maji, nimenywesha ng'ombe, nimefyatua matofali kando yake. Sijawahi kumeza kidonge hata kimoja cha kichocho, na niko hivi unavyoniona. Huyu naye atakua, na hayo yatamwacha.”

Binti akanitazama, akitaka nimkosoe babake. Lakini sikuweza kusema kwamba mzee amekosea kabisa. Jambo aliloliona ni la kweli, na wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi, tena hapa hapa Ukambani. Alichokosea ni maana ya jambo lenyewe. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo.

UGONJWA WENYEWE

Kichocho kina aina mbili kubwa nchini Kenya. Kichocho cha mkojo kinajulikana sana na watu wa pwani, na dalili yake ni mkojo wenye damu. Aina ya pili ni kichocho cha matumbo, ambacho kinapatikana sehemu nyingi za Machakos na Makueni na kandokando ya Ziwa Victoria. Leo tunazungumzia hiki cha matumbo.

Mtu mwenye ugonjwa akienda choo karibu na maji, mayai ya minyoo hufika mtoni na kuanguliwa. Kinachotoka ndani ya yai humwingia konokono wa majini na kuzaana humo. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa maelfu ya vijidudu vidogo vyenye mkia, hasa jua linapokuwa kali. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini, hata kama hana kidonda chochote. Ndani ya mwili hukua na kuwa minyoo, dume na jike, ambao huishi pamoja ndani ya mishipa ya damu ya matumbo.

Jike mmoja hutaga mayai mengi kila siku, pengine mia moja, pengine hata mia tatu. Karibu nusu ya mayai hayo hutoka na choo. Yaliyobaki hukwama mwilini, na mengi huchukuliwa na damu hadi kwenye ini.

Tafadhali likumbuke jambo hilo, kwa maana ndilo msingi wa makala haya. Madhara makubwa ya kichocho hayaletwi na mnyoo wenyewe, bali na mayai yaliyokwama. Mwili hulizingira kila yai, na pale palipozingirwa hubaki kovu. Makovu yakiwa mengi, ini huwa gumu, damu inayopita humo hupata kizuizi, na wengu huvimba. Baada ya miaka mingi mishipa ya koo la chakula inaweza kufura na kupasuka, na mgonjwa akatapika damu.

TUNAVYOHESABU

Nilipeleka choo cha mtoto kwenye maabara, na nikamwomba mzee naye apimwe. Alicheka, lakini akakubali.

Maabara hutumia kibao chenye tundu la kupimia. Choo kinachojaa tundu hilo huwa na uzito wa miligramu 41.7. Mtaalamu huhesabu mayai yote anayoyaona kwa hadubini, kisha huzidisha kwa 24 ili kupata idadi ya mayai katika gramu moja ya choo. Mtoto alikuwa na mayai 21 katika kipimo hicho. Ishirini na moja mara ishirini na nne ni 504. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kuanzia mayai 400 kwa gramu ni maambukizi mazito. Mzee alikuwa na mayai mawili tu, yaani 48 kwa gramu. Hayo ni maambukizi mepesi.

Babu na mjukuu wanatumia mto mmoja. Mzee akasema, “Si unaona? Nilikwambia.”

MCHORO UNAOPANDA NA KUSHUKA

Aliyoyasema mzee huonekana wazi mtu akipima kijiji kizima. Chukua karatasi uchore mistari miwili. Ule wa chini uwe umri, kutoka mtoto mchanga hadi mzee wa miaka sabini. Ule wa kusimama uwe idadi ya mayai. Utaona mchoro ukianza chini kwa watoto wadogo, ukipanda haraka miaka ya shule ya msingi, na kufika kileleni kati ya miaka kumi na kumi na mitano hivi au baadaye kidogo. Kutoka hapo huteremka, na watu wazima hubaki na mayai machache. Umbo hili la kilima limeonekana Kenya, Uganda, Senegal, Brazil na kwingineko.

Je, kilima hiki kinatokana na nini? Ili tupate jibu, hebu tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuifuata.

HESABU YA PIPA LINALOVUJA

Fikiria mwili wa mtoto ni pipa lenye tundu dogo chini. Maji yanayoingia ni minyoo mipya anayoipata mtoni. Maji yanayovuja ni minyoo inayokufa kwa uzee. Mnyoo wa kichocho huishi miaka kadhaa. Tuseme mitano kwa wastani, yaani kila mwaka moja katika kila tano hufa. Tuseme pia mtoto anaanza kuingia mtoni akiwa na miaka mitatu na kila mwaka hupata jozi 10 mpya. Namba hizi nimezichagua kwa sababu ni rahisi kuhesabu.

Mwisho wa mwaka wa kwanza ana jozi 10. Mwaka wa pili, mbili zimekufa, nane zimebaki, kumi zimeongezeka: jumla 18. Mwaka wa tatu ana 24 na kidogo. Mwaka wa tano anakaribia 34. Akifika miaka 13, baada ya miaka kumi ya mto, ana karibu 45. Ukiendelea kuhesabu, pipa litapanda polepole hadi 50, na hapo litatulia, kwa sababu kumi zinaingia na kumi zinavuja.

Umeona kasoro? Hesabu hii hupanda na kutulia, lakini haishuki kamwe. Kilima hatukipati. Kwa hivyo lazima kuna kitu kinachofunga mfereji unaoingiza maji, yaani kinachopunguza minyoo mipya kadiri mtu anavyokua.

Sasa tuseme kwamba kuanzia miaka 13 mtu huyo hupata jozi 2 tu kwa mwaka badala ya 10. Rudia hesabu. Akiwa na miaka 18 atakuwa na jozi 21. Akiwa na miaka 23 atakuwa na 14 hivi. Kilima tumekipata.

Mifano ya hesabu ya namna hii, mirefu na yenye mambo mengi zaidi, ndiyo iliyotumiwa na Mwingereza Roy Anderson na Mwaustralia Robert May katika miaka ya 1980 kueleza jinsi minyoo inavyoenea katika jamii. Lakini hesabu peke yake haiwezi kutuambia ni nani aliyefunga mfereji.

NI MTO AU NI MWILI?

Kuna majibu mawili. La kwanza ni la kawaida kabisa: watoto hucheza majini na watu wazima hawachezi. Mtu akioa na kuanza kazi, haogelei tena mchana kutwa. Jibu la pili ni kwamba mwili wenyewe umejenga kinga, kwa hivyo hata akiingia majini, vijidudu vingi vinavyompenya hufa kabla ya kukomaa.

Ukitazama mchoro peke yake huwezi kuyatenganisha majibu haya. Ndiyo sababu wataalamu walikuja huku kwetu. Mapema katika miaka ya 1980, Anthony Butterworth, Robert Sturrock, John Ouma na wenzao walifanya utafiti katika kijiji cha Iietune, wilaya ya Machakos ya wakati huo. Waliwatibu watoto wa shule, kisha wakafanya jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika: waliangalia ni nani anaingia majini, na mara ngapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1984 na 1985 yalionyesha kwamba watoto wengine waliambukizwa tena upesi, na wengine, hasa wale wakubwa kidogo, hawakuambukizwa sana ingawa nao waliendelea kuingia katika maji yale yale.

Nchini Uganda, Narcis Kabatereine na wenzake walifanya kazi katika kijiji cha wavuvi huko Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko ni watu wazima wanaoshinda majini, kwa sababu uvuvi ndio riziki yao. Kama jibu lingekuwa mto peke yake, wavuvi hao wangeambukizwa upya kuliko watoto. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba baada ya matibabu, watoto ndio waliorudiwa na maambukizi mazito, na watu wazima kidogo tu.

Kwa hivyo mzee wa Kambu ana haki. Kinga ipo.

NI MAZOEA AU NI UMRI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Wazazi wengi huamini kwamba kinga huja kwa mazoea. “Mwache azoee maji,” husema. Kama hilo ni kweli, mtoto anayeachwa mtoni miaka mingi atakuwa kama anayejenga akiba, na dawa itakuwa kama kumharibia akiba yake.

Hesabu inatupa njia ya kulipima wazo hili. Kama kinga ni mazoea tu, basi kijiji chenye maambukizi mengi kingefika kileleni mapema, kwa sababu watoto wangezoea haraka. Kijiji chenye maambukizi machache kingechelewa. Anthony Fulford na wenzake walichapisha makala mwaka 1992 kuhusu jinsi michoro ya umri kutoka Kenya inavyoweza kutumiwa kutafuta dalili za kinga. Lakini jaribio lililo bora zaidi lilijileta lenyewe, tena ndani ya Makueni hii yetu.

Katika miaka ya 1990 familia nyingi zilihamia Masongaleni, upande wa Kibwezi, kutoka sehemu zisizokuwa na kichocho. Baba, mama na watoto waliingia katika maji yenye ugonjwa kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa mgeni, na hakuna aliyekuwa na mazoea kumzidi mwingine. Kama kinga ni mazoea tu, baba wa miaka arobaini na mtoto wake wa miaka kumi wangekuwa sawa.

Hawakuwa sawa. John Ouma na wenzake waliripoti mwaka 1998 kwamba maambukizi yalikuwa mazito zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wazima, ingawa wote walikuwa wageni. Nchini Senegal, baada ya Bwawa la Diama kukamilika mwaka 1986, kichocho kilizuka huko Richard-Toll mahali ambapo hakikuwa kikijulikana, na huko pia watoto walikuwa na mayai mengi kuliko watu wazima walioanza kuambukizwa wakati mmoja nao.

Maana yake nini? Sehemu ya kinga huja na umri wenyewe. Mwili wa mtoto hubadilika, hasa kuanzia wakati wa kubalehe, na ukishabadilika hupambana na mnyoo kwa namna ambayo mwili wa mtoto hauwezi. Mazoea yana nafasi yake, kama tutakavyoona, lakini hayawezi kuiharakisha miaka. Mtoto wa miaka sita unayemwacha “azoee” hajengi akiba yoyote ya kumtosha. Anachokusanya ni mayai kwenye ini.

KINGA HII HUFANYAJE KAZI?

Mnyoo mzima ni mjanja. Hujivika vitu kutoka katika damu yetu, hivyo mwili humwona kama mwenyeji. Anayeweza kushambuliwa ni yule mchanga aliyeingia juzi. Mwaka 1975 Butterworth na wenzake walionyesha katika maabara kwamba aina moja ya chembe nyeupe za damu, zinazoitwa eosinofili, zikisaidiwa na kingamwili, huweza kumdhuru mnyoo mchanga.

Katika miaka ya 1990 utafiti wa Kenya na wa Gambia ulionyesha kwamba watu wasioambukizwa tena kwa urahisi wana kiasi kikubwa cha kingamwili aina ya IgE dhidi ya minyoo hii. Watoto wadogo nao wana kingamwili za aina nyingine ambazo hukaa njiani na kuzizuia zile za maana zisifanye kazi. Ni kama mlango ambao mlinzi amefika, lakini kiti chake kimekaliwa na mgeni asiyejua kazi.

Kuna jambo jingine. Vitu vingi vinavyoufundisha mwili kumtambua adui vimo ndani ya mnyoo mzima, na huonekana mnyoo huyo anapokufa. Kwa kuwa mnyoo huishi miaka kadhaa, somo hilo huchelewa sana.

PALE MZEE ALIPOKOSEA

Sasa turudi kwa mzee wetu. Ameona watu wazima wana minyoo michache, na ni kweli. Lakini kuna mambo matatu ambayo hakuyaona.

Kwanza, kinga humzuia mgeni, haimfukuzi mwenyeji. Rudi kwenye pipa letu. Hata kama mfereji utafungwa ghafla mtoto akifika miaka 13, akiwa na miaka 18 bado ana jozi 21 zinazotaga kila siku. Kushuka kwa kilima huchukua miaka.

Pili, mchoro unahesabu mayai yanayotoka. Hauhesabu yaliyobaki. Mayai yakipungua chooni, makovu kwenye ini hayapungui kwa kiasi hicho hicho. Mtu anaweza kuonekana amepona katika maabara huku ini lake likiwa limebeba deni la utotoni.

Tatu, mchoro unawahesabu waliopo tu. Nilimwuliza mzee polepole, “Wale mliokuwa mkiogelea pamoja, wote wako?” Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema palikuwa na rika lake mmoja aliyetapika damu usiku na kufa kabla ya kufika miaka thelathini. Watu walisema ni vidonda vya tumbo, na wengine wakasema amerogwa. Siwezi kujua leo ni nini kilichomwua kijana yule. Lakini binti aliinamisha kichwa, na mzee hakurudia tena ule usemi wa “niko hivi unavyoniona.”

Nami sina haki ya kumlaumu. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi mama mmoja aliniuliza swali hili hili, nami nikamwambia mtoto akiacha kucheza mtoni atapona mwenyewe. Nilikuwa nimekisoma kile kilima katika kitabu, na nikadhani kilima ni ahadi. Mtoto yule sikumpa dawa siku ile, na sikumwona tena.

JE, DAWA HUHARIBU KINGA?

Hapana. Dawa ya kichocho huitwa prazikwanteli, na huua minyoo iliyokomaa. Turudi kwenye pipa. Tuseme unamtibu mtoto mwenye jozi 34 na dawa inaua tisa katika kila kumi. Anabaki na tatu hivi. Mwaka ukiisha, hata kama bado anaingia mtoni, atakuwa na 13. Mtibu tena, na mwaka unaofuata atakuwa na 11. Kwa kidonge cha mara moja kwa mwaka, mtoto huyo hafiki 45 kamwe. Anavuka miaka ya hatari akiwa na mzigo mwepesi, akisubiri mwili wake ukomae.

Zaidi ya hayo, minyoo inayouawa na dawa huuonyesha mwili vile vitu vilivyofichika. Huko Kisumu, Diana Karanja na wenzake waliwafuatilia wanaume wanaoosha magari ndani ya Ziwa Victoria, watu wanaoshinda majini kila siku ya kazi. Walipotibiwa mara kwa mara kila walipoambukizwa, baadhi yao walianza kuwa wagumu kuambukizwa tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Kwa hiyo, pale ambapo mazoea yanasaidia, kifo cha mnyoo kinaonekana kuwa ndicho kinachofundisha, na dawa huleta kifo hicho bila kungojea miaka ya mayai.

Habari nyingine njema ni kwamba madhara ya mapema yanaweza kurudi nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto wa shule wa hapa Makueni, waliokuwa na ini na wengu zilizovimba, ulionyesha kwamba uvimbe ulipungua baada ya matibabu ya prazikwanteli na miaka mitatu ya kutoambukizwa sana. Utafiti mwingine wa hapa ulionyesha kwamba malaria huzidisha uvimbe huo wa wengu, kwa hivyo chandarua nacho kina kazi yake.

USIIFANYE MINYOO YOTE KUWA MOJA

Msomaji asije akachukua somo hili na kulitumia kwa kila mnyoo. Minyoo mikubwa ya mviringo na ile ya mjeledi huwasumbua zaidi watoto, kama kichocho. Lakini minyoo ya safura, ile inayonyonya damu matumboni, haina kilima hicho. Mara nyingi mchoro wake hupanda na umri, na watu wazima ndio wenye mzigo mkubwa. Kwa safura, kungoja ukue ni kungoja uzidiwe. Tena dawa si moja: albendazoli inayotolewa kwa safura na minyoo ya mviringo haitibu kichocho.

UFANYE NINI?

1. Ikiwa shule ya mtoto wako iko katika eneo la kichocho na siku ya dawa imetangazwa, mruhusu anywe. Mpe chakula kwanza, kwa maana dawa ikinywewa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu. Maumivu ya tumbo au kizunguzungu cha saa chache si sumu. Mara nyingi ni dalili kwamba minyoo inakufa.

2. Usinunue dawa kwa kukisia. Kipimo cha prazikwanteli hufuata uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na tembe nyingi zina miligramu 600. Zahanati itakupimia.

3. Usiwasahau walio chini ya umri wa shule. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika maeneo yenye ugonjwa dawa itolewe kuanzia miaka miwili, pamoja na watu wazima.

4. Wewe unayeishi mjini usijidanganye. Ikiwa mtoto wako hupelekwa kwa babu na nyanya likizo ya Desemba na akaogelea mtoni au katika bwawa, mpeleke apimwe choo miezi miwili hivi baadaye, kwa kuwa minyoo michanga huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutaga, na dawa huiua vizuri ikishakomaa. Na wewe mtu mzima uliyelelewa mjini, umri hukupunguzia mzigo tu. Haukupi ngao kamili.

5. Maji ya kuoga yaliyotekwa mtoni na kukaa siku mbili bila konokono huwa salama kwa upande wa kichocho, kwa sababu vile vijidudu haviishi muda mrefu. Ya kunywa chemsha.

6. Jenga choo na ukitumie. Bila yai kufika mtoni, konokono hana cha kuzalisha. Jambo hili ni la kutiliwa maanani zaidi tunapozidi kujenga mabwawa katika nchi yetu kavu, likiwemo lile kubwa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Tunayahitaji maji. Konokono naye anayahitaji.

7. Mtu akitapika damu, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, huo si wakati wa kungoja asubuhi. Mkimbize hospitali.

Mpaka ninapoandika makala haya hakuna chanjo ya kichocho iliyoidhinishwa. Tulicho nacho ni kidonge, choo na busara.

Yule mtoto alikunywa dawa siku ile, na babu yake akanywa pia, akisema hawezi kumwachia mjukuu uchungu peke yake. Walirudi baada ya miezi sita. Maabara haikuona yai. Wengu wa mtoto bado naugusa kwa vidole ninapompima, lakini umepungua, na mwalimu anasema hasinzii tena. Mzee aliniuliza swali moja tu kabla ya kuondoka: siku ya dawa shuleni mwaka huu itakuwa lini?

Ndugu msomaji, kinga ya mwili itakuja kwa wakati wake. Kazi yetu sisi wazazi ni kuhakikisha kwamba itakapofika, itamkuta mtoto akiwa bado na ini zima la kulilinda.